Mpangilio wa autochdir katika Vim: unamfaa nani?

Vim, kihariri cha matini ambacho Bram Moolenaar alikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kina tabia inayowachosha wageni wake: ukikiwasha ukiwa ndani ya folda fulani, kinaendelea kuishika folda hiyohiyo hata unapofungua faili lililo mbali nayo. Ukiandika :w nakala.txt, yaani amri ya kuhifadhi, ukitarajia nakala ikae jirani na faili unalolihariri, utaikuta kwingine kabisa.

Dawa ni mstari mmoja, set autochdir, unaoandikwa katika .vimrc, faili la mipangilio ya Vim. Kuanzia hapo, kila unapofungua faili au kuingia dirisha jingine, Vim huhamia yenyewe kwenye folda ya faili hilo, na amri ya :pwd, inayoonyesha folda uliyomo, itakuthibitishia. Kwa mtu anayeandika barua, ripoti au maelezo yaliyotawanyika katika folda zisizohusiana, sioni sababu ya kuukosa mpangilio huu; kulitaja faili jirani kwa jina lake tupu ni raha ambayo watumiaji wa Emacs, kihariri kingine, wameizoea siku nyingi, kwa kuwa huko kila bafa (faili lililofunguliwa) hubeba folda yake.

Kwa mwandika programu mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapoupunguzia alama. Amri ya :make, inayojenga programu kwa kufuata maelekezo ya faili liitwalo Makefile, hutekelezwa katika folda ya wakati huo, kwa hiyo ukiwa umefungua faili lililomo ndani ya folda ya msimbo, src, ilhali Makefile iko juu kwenye mzizi wa mradi, haitaonekana. Utafutaji wa maneno ndani ya mafaili kwa :grep nao, ukianzia kwenye folda ya wakati huo, huishia kuchungulia kona moja ya mradi. Nyaraka za Vim zenyewe zinaonya kwamba baadhi ya programu-jalizi (nyongeza za Vim) huenda zisifanye kazi mpangilio huu ukiwashwa, na kwa kawaida huja ukiwa umezimwa.

Mimi niliuzima. Ninachokitumia sasa ni :lcd %:p:h, amri inayohamisha dirisha nililomo pekee hadi folda ya faili lake na kuyaacha mengine yalipo, nami nimeifunga kwenye vitufe vya koma ikifuatwa na herufi cd ili nisiiandike kila mara. Nikitaka tu kufungua faili jirani bila kuhama, :e %:h/ pamoja na jina la faili inanitosha. Katika kompyuta ninayoandikia barua tu, hata hivyo, autochdir ingali imewashwa.