Baskeli ya bei kubwa hapa Unguja: kabla hujatoa pesa angalia shingo

Tangu mashindano ya dunia ya baskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, suali ninaloletewa ni moja tu, dada nimedunduliza pesa zangu nataka baskeli ya maana, ninunue sasa au ningoje. Na pamoja na hao wanaouliza wapo walokwisha kununua, hao wananiletea malalamiko, na malalamiko yao yanafanana mno. Wa Jambiani, wa Fuoni, mmoja yuko Wete, wote wanasema hendeli imeanza kushika, ukiiweka sawa inajikita pale katikati haitaki kutoka vizuri, na fundi akiambiwa abadilishe beringi anatazama anasema hii siiwezi, au anataja bei ya kazi inayoshinda beringi yenyewe mara nyingi.

Kwa hivo leo sizungumzii uzito, sizungumzii gia ngapi wala rangi, hayo kila muuzaji atakwambia bila ya kumuuliza. Nazungumzia shingo.

Pale foku inapoingia kwenye fremu kuna beringi mbili, moja juu moja chini, ndo zinazofanya hendeli izunguke. Zamani waya za breki na gia zilipita nje, ukitaka kubadilisha beringi unafungua hendeli, unateremsha foku, unatoa ya zamani unatia mpya na grisi, kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe. Sasa miaka hii, khasa kuanzia 2020 hivi, makampuni yameingiwa na mtindo wa kuficha kila kitu. Paipu za breki za mafuta zinashuka chini ya hendeli, zinaingia kwenye shingo, zinapita katikati ya ile beringi ya juu kisha ndo zinakwenda zao ndani ya fremu. Kwa macho inapendeza, na upepo nao unapungua kidogo. Lakini beringi ni duara na paipu imepita ndani ya duara hilo, huitoi mpaka uifungue paipu kwenye breki, mafuta yamwagike, ukimaliza uikate ncha, utie vipete vipya, utie mafuta mapya, utoe upepo mpaka breki ikaze. Yote hayo kwa beringi moja!

Ulaya huko labda mtu anakaa nayo miaka bila kuigusa. Hapa kwetu kisiwa chenyewe upana wake haufiki kilomita 40, hata ukikaa Dunga katikati ya shamba bahari haiko mbali nawe, na kusi likivuma watu wa Paje na Makunduchi wanaijua chumvi inavyogandia kwenye madirisha. Hiyo hiyo inaingia kwenye kile kifuniko cha juu ya shingo ambacho kina uwazi wa kupitishia paipu, na jasho lako linadondokea pale pale. Tena maji yakitoka watu wanapita na baskeli pwani kwenye mchanga mgumu, Paje mpaka Jambiani, raha kweli siwalaumu, lakini ukirudi unaiosha kwa maji ya kisima na visima vingi vya ukanda wa pwani maji yake yana chumvichumvi, kwa hivo umeiongezea. Mwenye tangi la maji ya mvua aoshee hayo.

Watu wananambia mbona Tadej Pogačar kashinda Kigali na Colnago yake haionekani hata waya mmoja. Ndio, na ana mafundi wanaoifungua na kuifunga kila inapohitajika, beringi ikiguna inatupwa. Baskeli ile imetengenezwa kwa mtu mwenye mafundi hao. Wewe una fundi wa Mwanakwerekwe, hodari, mikono yake mizuri, lakini vile vipete vya paipu hana na akiagiza vinachukua wiki.

Sasa huo wakati wa kununua

Kwanza usinunue mpya kwa sababu cheni imelegea, tairi limekwisha au gia zinaruka. Hivo vyote ni vitu vinavyolika, vinabadilishwa. Baskeli nzuri ya zamani ikitiwa cheni mpya, kaseti mpya (yale meno ya gia ya tairi la nyuma) na beringi mpya inarudi kuwa baskeli nzuri kwa sehemu ndogo ya bei. Mpya inunuliwe fremu ikishakwisha, na fremu za hapa zinakwisha kwa njia mbili, ufa, au bomba la siti kugandia ndani. Hili la pili watu hawalijui mpaka wamechelewa. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma au ya kaboni, ikipata maji ya chumvi katikati yake inafanya umeme mdogo na aluminiamu ndo inayoliwa, inatoa unga mweupe unaovimba na kukaza mpaka siti haipandi wala haishuki. Kwa hivo leo jioni kalegeze ile bolti ulitoe bomba la siti, likitoka lifute, tia grisi (fremu ya kaboni usitie grisi, kuna dawa yake maalumu ya kaboni) na urudishe. Likitoka hivo huna haraka ya kununua. Likiwa limeganda, na mafundi wawili wameshindwa, haya tuzungumze mpya. Na asikuchukulie mtu kostiki soda akaimimina kwenye fremu ya aluminiamu, ile inakula aluminiamu yote, ya bomba na ya fremu.

Pili miezi. Nchi za watu huko maduka yanataka kumaliza mzigo wa mwaka kati ya Septemba na Novemba ili watie modeli mpya, na Novemba ndo kuna yale mapunguzo makubwa ya Black Friday. Baskeli ya mwaka unaomalizika na ya mwaka unaokuja mara nyingi ni ile ile rangi tu imebadilika. Baada ya korona tuliona mambo mawili, 2020 na 2021 baskeli hazipatikani na bei juu, watu wamesubiri miezi kwa miezi, halafu 2023 maghala yamejaa, bei zikaporomoka mpaka duka kubwa la Uingereza Wiggle likafilisika Oktoba mwaka huo. Walongoja wakanunua fremu nzuri kwa bei ambayo wa 2021 aliilipia baskeli ya kati. Kwa hivo modeli mpya ikitangazwa we usiikimbilie, tazama iliyopita inauzwaje.

Hapa kwetu naongeza sababu nyengine. Ukiinunua Novemba, ndugu akaja nayo likizo ya Disemba kutoka Maskat, Dubai au London, unapata kaskazi yote kavu ya kuizoea, na kabla masika hayajaanza Machi unampelekea fundi aifungue shingo, bomba la siti na beringi za pedali, azijaze grisi. Baskeli nyingi zinatoka kiwandani grisi kidogo mno. Anayeipokea Aprili anaipanda siku ile ile kwenye mvua na hapo ndo kutu inapoanzia.

Na tatu, wakati wa kununua ni pale una bei ya baskeli na bei ya vipuri. Agiza beringi za shingo seti mbili pamoja na baskeli yenyewe, namba imechapwa ubavuni mwa beringi, kama 36x45 au 45x45, iandike kwenye simu. Kama pesa inatosha baskeli tu basi bado hujafika, subiri.

Ninavyozipanga mie

Ya kwanza ni Surly, na sifichi, mie ni mtu wa Surly. Kampuni ya Minnesota, Marekani, inatengeneza fremu za chuma, na najua mtu atasema chuma na chumvi wapi na wapi. Fremu zao zinatiwa mipako ya ED, yaani inazamishwa nzima kwenye dawa yenye umeme, ndani ya mabomba na nje, kisha ndo rangi juu yake. Disc Trucker ndo ninayoipenda kuliko zote, waya zake zote ziko nje unaziona, breki ni za waya, beringi za pedali ni za kufunga kwa uzi si za kugonga kwa nyundo, tundu za kufungia kerea ziko mbele na nyuma, tairi pana inapita kwenye njia za mawe za Matemwe bila kukutoa meno. Bei yake huko kama dola 2,000, milioni tano na ushee. Ni nzito, ndio. Mwenye kutaka kushindana na vijana wa Amani asubuhi ataona anaachwa. Lakini baada ya miaka ndo baskeli ambayo fundi yeyote wa Mlandege au Chake Chake anaifungua yote bila kupiga simu kwa mtu. Ukitaka nyepesi kidogo kuna Straggler, nayo waya nje.

Ya pili titani. Titani haishiki kutu, basi, maji ya bahari hayaiwezi. Lynskey wa Chattanooga, Moots wa Colorado, wanazitengeneza vizuri na nyingi unaweza kupata waya za nje. Tatizo bei, fremu peke yake inapita dola 2,000 na za Moots zinapita mbali zaidi. Na usijidanganye, ukitia bomba la siti la aluminiamu ndani ya titani bila grisi litaganda vile vile. Angekuwepo mtu wa kunipa, ningechukua na ningebaki na Surly yangu.

Ya tatu ni kaboni ambazo paipu zinaingilia tundu la bomba la chini la fremu, hazipiti kwenye shingo. Specialized Crux iliyotoka 2021 iko hivo, na Aethos ile ya mwanzo iliyotoka 2020 iko hivo, tena nyepesi mno. Canyon Grizl ya 2021 pia. Kama moyo wako uko kwenye kaboni tafuta hizi, ukizipata za modeli iliyopita Novemba ndo hapo hapo. Angalia mwaka lakini, kwa sababu jina linabaki na fremu inabadilika, asikuuzie mtu mpya ukadhani ya zamani.

Ya mwisho, zote zenye paipu ndani ya shingo, jina lolote, bei yoyote. Kama tayari unayo usiiuze kwa hasara, mtake fundi akutilie beringi za chuma cha pua atakapofungua mara ya kwanza. Chris King wa Portland wanatengeneza nzuri, ghali, lakini kazi ile hutaki kuirudia kila masika.

Phoenix na za mtumba zinazoshuka bandarini zipo, zinafanya kazi yake, mwongozo huu hauzihusu.

Breki nizungumze kidogo. Ukichukua za mafuta uliza mafuta gani. Shimano wanatumia mafuta ya madini, hayavuti unyevu wa hewa, lakini kuyapata hapa kazi. SRAM nyingi zinatumia DOT, mafuta ya breki kama ya gari, hayo yanavuta unyevu na hewa yetu imejaa unyevu, kila mwaka yabadilishwe, ila DOT 4 unaipata kwenye maduka ya spea za gari. Usichanganye hata tone, mpira wa ndani unaharibika. Mie nakaa na waya.

Halafu hawa wauzaji

Naomba niliseme hili kwa sababu limenikaa rohoni. Nimekwenda duka moja hapa mjini, baskeli imewekwa juu bei kwa dola, nikamuuliza kijana beringi ya shingo namba gani, akaniangalia akanambia dada hii ni mpya haina haja ya beringi. Nikanyanyua tairi la mbele nikaizungusha hendeli kwa kidole, inakwama katikati. Mpya hiyo! Imekaa kwenye kontena na bandarini na dirishani miezi, chumvi imeshaila, na bei ile ile haishuki hata shilingi. Wengine wananunua fremu imechubuka, wanaipiga rangi juu ya kutu, wanabandika stika za jina kubwa, mtu katoka Kizimkazi na pesa za mwani au za utalii za msimu mzima anapewa hiyo. Na ukisema unaambiwa wanawake mnajuaje baskeli. Wanawake tunaendesha, tunatengeneza, na pesa tunayotoa ni pesa.

Kwa hivo ukenda dukani nyanyua mbele, zungusha hendeli polepole kulia na kushoto, isishike popote. Halafu shusha, kamata breki ya mbele isukume baskeli mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye shingo, usihisi mchezo wowote. Mwambie muuzaji alitoe bomba la siti mbele yako. Akikataa, au akisema halitoki, ondoka. Na kama anakununulia ndugu huko nje mwambie risiti iandikwe jina lako wewe si lake, kwani waranti ya fremu ya maisha kama ya Trek na Specialized ni ya mnunuzi wa kwanza tu.