Uzoefu wangu na matofali mepesi ya majivu ya bagasi (makapi ya miwa), Kisumu

Kwa kuta za kugawa vyumba ghorofani, nayapa nyota nne. Kwa msingi, shimo la maji taka au ukuta wa bafu, sitayagusa.

Haya ninayotumia ni ya saruji, mchanga, majivu ya boila ya kiwanda cha sukari, na nyuzi kidogo za makapi ya miwa. Tofali la milimita 390 kwa 190 kwa 140 lina kilo 12 likiwa kavu. La zege la kipimo hicho hufika 20. Mita moja ya mraba hula matofali kama 12 na nusu, kwa hiyo slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) inapunguziwa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Vibarua wa kupandisha ngazini ndio wa kwanza kuyasifu.

Shida iko kwenye malighafi. Nyuzi zisipooshwa vizuri, sukari iliyobaki huizuia saruji isishike, na kona ya tofali inabomoka kwa ukucha. Majivu nayo yawe ya kijivu. Yakiwa meusi, yana kaboni ambayo haikuungua. Hunywa maji mengi wakati wa kukoroga na nguvu hushuka. Vunja moja utazame ndani kabla ya kulipa.

Uliza pia umri. Majivu hushikana na chokaa ya saruji polepole, hivyo mimi sipokei yasiyofikisha siku 28. Shehena moja niliyoletewa ilikuwa changa: yalisinyaa yakiwa ukutani, plasta ikafanya nyufa nyembamba.

Kipimo changu ni rahisi. Pima tofali kavu, lizamishe saa 24, lipangushe, pima tena. Likitoka kilo 12 hadi 14.2, limenyonya asilimia 18, sawa kwa ndani. Likipita asilimia 20, rudisha.

Kujenga, mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga sita unatosha. Ukiutia nguvu zaidi, ufa hukata tofali lenyewe badala ya kufuata kiungo. Nyunyizia ukuta maji kabla ya plasta, usiuloweshe; ukiwa mkavu utafyonza maji ya plasta na ikikauka italia tupu ukiigonga. Pembeni mwa fremu za milango weka matofali ya zege, maana misumari haishiki kwenye haya. Kabati la jikoni lifungwe kwa skrubu ndefu na plagi za kushikia skrubu, na sinki nzito isimame kwa miguu yake.