Redio ya dharura ya kuzungusha: usiinunue kwa ajili ya simu

Redio hizi huuzwa kwa majina mengi, lakini nyingi ni mtoto wa mama mmoja: kijisanduku cha plastiki kinachoshikika kwa mkono mmoja, mpini unaokunjuka ubavuni wa kuzungusha ili kupata umeme, paneli ndogo ya sola juu, tochi ya LED mbele, king'ora cha kuombea msaada, tundu la USB la kuchajia simu, na ndani betri ya lithiamu ambayo mara nyingi ni ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba). Wauzaji huisifia kwa yote hayo kwa mpigo. Hapa inapimwa kwa jambo moja tu: itakufaa vipi siku ya tatu baada ya kimbunga au mafuriko, wakati umeme haupo, mtandao umekufa, na unataka kujua kama maji bado yanapanda.

Kwa kazi hiyo inastahili kuwa ndani ya kila nyumba iliyo kwenye njia ya dhoruba. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizimika. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, mji ulikatikiwa na mawasiliano. Simu iliyojaa chaji haina la kusema pasipo mnara wa karibu. Redio inahitaji mtambo mmoja tu uliobaki hewani, hata ukiwa mbali sana. Nayo husema mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyaona. Jicho la kimbunga likipita juu yenu, upepo hutulia ghafla na mbingu huweza kutakata. Wengi hutoka nje wakidhani yameisha, kumbe upande wa pili wa kimbunga unakuja na upepo wa kutokea mwelekeo wa kinyume. Mtangazaji mwenye taarifa za idara ya hali ya hewa anaweza kuokoa maisha katika dakika hizo.

Sasa mpini. Dainamo ndogo ya redio hizi hutoa takriban wati 1 hadi 2 ukizungusha kwa mwendo wa mizunguko miwili kwa sekunde, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kabla haijaingia kwenye betri. Redio yenyewe kwa sauti ya chini hula kama robo ya wati. Kwa hiyo dakika moja ya kuzungusha hukupa dakika tatu hadi tano za kusikiliza. Taarifa fupi ya habari inawezekana kabisa kwa jasho kidogo; kuiacha ikiimba mchana kutwa haiwezekani. Kuzungusha kwa kasi zaidi hakusaidii kama watu wanavyodhani: gia za ndani ni za plastiki, na meno yake hulika au kukatika mtu akizungusha kwa hasira. Kiungo cha mpini ndicho cha pili kwa kuvunjika. Shika mwili wa redio kwa nguvu, uukandamize mezani, uzungushe kwa mwendo mmoja usiobadilika, na mpeane zamu.

Simu ndipo ahadi za wauzaji zinapoanguka. Betri ya simu ya kawaida hubeba wati-saa 15 hivi. Kwa wati moja na nusu, kuijaza kwa mpini ni kazi ya saa kumi bila kupumzika, na hapo hasara haijahesabiwa. Betri ya ndani ya redio, mAh 2,000 kwa volti 3.7, ni wati-saa 7.4 tu, yaani ukiimimina yote haifikishi nusu ya simu, na redio inabaki bubu. Simu iliyozimika kabisa huhitaji chaji ya kutosha kabla haijakubali hata kuwaka, na baadhi ya simu huukataa umeme wa mpini kwa sababu unapanda na kushuka. Kinachowezekana ni kutuma ujumbe mfupi au kupiga simu ya dakika moja au mbili baada ya kuzungusha kwa muda mrefu. Hilo si dogo kwa aliyekwama juu ya paa. Lakini kama unachotaka ni chaji ya simu, nunua pawabenki kubwa, iache redio iwe redio.

Sola nayo ina hesabu yake. Paneli ya upana wa vidole viwili au vitatu hutoa kama nusu ya wati likiwa jua la utosini, tena ikiwa imeelekezwa sawasawa. Kuijaza betri ya ndani kunataka saa 15 hadi 20 za jua la aina hiyo, na kwa kuwa siku nzuri ina saa tano hivi za jua kali, hizo ni siku tatu au nne. Chini ya mawingu mazito ya dhoruba, hakuna kitu. Sola ni ya wiki inayofuata, mawingu yakishaondoka, na wakati huo ina thamani kubwa kwa sababu haimchoshi mtu. Tahadhari moja: usiiache redio nyuma ya kioo cha gari wala juu ya bati ili ipate jua. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi joto 45, na sehemu hizo huvuka kiwango hicho upesi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuangalia dukani ni kifuniko cha nyuma: je, inapokea betri za kawaida? Betri tatu za AA za alkalini zina karibu wati-saa 9, zaidi ya betri ya ndani yenyewe, na hukaa kwenye pakiti yake miaka mingi zikisubiri. Mifano inayotumia AAA hupata chini ya nusu ya hapo. Mifano isiyo na nafasi ya betri za kawaida kabisa, hata ikiwa mizuri kiasi gani, hiyo iache. Betri ya ndani huzeeka hata bila kutumika, na nyingi kati ya redio hizi haziwezi kucheza kwa mpini peke yake betri ya ndani ikishakufa, maana umeme wa dainamo hupitia humo kwanza. Redio ya kwanza ya aina hii iliyopata umaarufu, ile ya mvumbuzi Mwingereza Trevor Baylis iliyotengenezwa Cape Town katika miaka ya 1990, haikuwa na udhaifu huo: mpini wake ulikaza springi, na springi ikijikunjua iliendesha jenereta. Ilikuwa kubwa na nzito, na inasikitisha kwamba watengenezaji wa leo waliuacha uimara ule kwa ajili ya wepesi.

Betri za AA zisikae ndani ya redio wakati haitumiki. Zikivuja, ule unga mweupe hula vibati vya kugusia umeme. Ukikuta umeshaanza, futa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa siki au maji ya limau, kisha kikavu, kisha kwangua taratibu mpaka bati ling'ae. Halafu angalia swichi ya kuchagua chanzo cha umeme, kwa mifano iliyo nayo. Redio nyingi zinazodaiwa kufa huwa swichi imekaa upande wa betri za AA ilhali hamna kitu humo.

Kuhusu masafa: FM ni safi lakini haisafiri mbali, makumi ya kilomita, na mlima ukikaa kati inakatika. AM husafiri mbali zaidi, na usiku hufika mamia ya kilomita kwa kuakisiwa na tabaka la juu la angahewa. Mitambo ya FM ya mji uliopigwa ikianguka, AM ya mbali ndiyo itakayobaki. Redio isiyo na AM haijastahili kuitwa ya dharura. Masafa mafupi ni nyongeza nzuri. Alama ya WB iliyo kwenye mifano mingi ni bendi ya idhaa za hali ya hewa za Marekani, megahezi 162.400 hadi 162.550, nchi nyingi hazina idhaa hizo, basi usiongeze pesa kwa ajili yake kabla hujauliza.

Watu huvuta antena ndefu wakitafuta AM kisha hulalamika redio ni mbovu. Ile antena ni ya FM na masafa mafupi. AM hupokewa na kijiti cha feriti kilicholala ndani ya redio, kwa hiyo unachotakiwa kugeuza ni redio nzima, polepole, mpaka sauti ikae. Pia iweke mbali na chaja na taa za LED, ambazo hutia mkwaruzo. Umeme wa mtaa ukikatika, AM husikika vizuri kuliko siku zote. Kwa masafa mafupi, waya mwembamba wa mita tano hadi kumi uliobanwa kwenye antena huleta tofauti kubwa, ila radi ikianza kusikika utoe na uutupe mbali na redio.

Kuna mgongano mmoja ambao maelezo ya kwenye boksi hayautaji. Chumba salama wakati wa upepo mkali ni cha katikati ya nyumba, kidogo, kisicho na dirisha. Hichohicho ndicho chenye mapokezi mabaya kuliko vyote, hasa chini ya bati au zege lenye nondo. Ijaribu redio ndani ya chumba hicho wiki hii, mlango ukiwa umefungwa, mchana na usiku, uandike kwenye plasta ya karatasi mgongoni mwa redio masafa ya stesheni mbili au tatu zinazoingia vizuri. Angalia pia kama ina tundu la hedifoni la milimita 3.5. Mvua kubwa juu ya bati huizima kabisa spika ndogo. Hedifoni hukusikilizisha kila neno na huokoa chaji. Mmoja asikilize, awaambie wengine.

Kuhusu maji, alama ya IPX3 maana yake inavumilia mvua ya manyunyu tu, IPX4 maji ya kurushwa pande zote, IPX7 kuzama mita moja kwa nusu saa. Nyingi ni IPX3, na hata hiyo inategemea kifuniko cha raba cha tundu la chaji kimefungwa sawasawa. Mfuko wa plastiki wenye zipu, mmoja ndani ya mwingine, hufanya kazi nzuri: redio husikika na vitufe hubonyezeka kupitia plastiki.

Ukiinunua, itie majaribuni kabla muda wa kuirudisha haujaisha. Ijaze chaji kwa waya, iwashe kwa sauti ya chini na uhesabu saa mpaka izime yenyewe. mAh 2,000 za kweli zinapaswa kuvuka saa 20. Ikizima, zungusha dakika tatu uone kama itaamka na kukaa hewani walau dakika kumi. Ikiishia dakika mbili, betri ni ndogo kuliko inavyodaiwa au dainamo ni dhaifu, irudishe. Tikisa karibu na sikio: kikicheza kitu ndani, irudishe pia. Mwanga wa tochi usikutie tamaa, maana mkali ndio unaomaliza chaji. Wenye ngazi mbili, hafifu na mkali, ndio bora.

Ihifadhi ikiwa na chaji nusu hivi, mahali pakavu na pa baridi, uirejeshee chaji kila miezi mitatu kwa waya, na mpini uuzungushe kidogo siku hiyo hiyo ili gia zisigande. Onyo la dhoruba likitolewa, ijaze mpaka juu.

Ikizamishwa na maji ya bahari au ya mafuriko, usiiwashe wala usiichaji hata kama nje inaonekana kavu. Ifungue, uitenganishe betri ya ndani, suuza sakiti kwa maji safi na iache siku kadhaa kwenye hewa. Betri ya lithiamu iliyoloa maji ya chumvi haichajiwi tena, kwa sababu inaweza kuwaka moto saa nyingi baadaye. Ikae nje ya nyumba, mbali na chochote kinachoshika moto, mpaka ipelekwe panapokusanywa taka za betri.