Galápagos kwa meli: siku ya Fernandina ndiyo inayolipa nauli

Meli zote za Galápagos, visiwa vya Ecuador katika Bahari ya Pasifiki, zinatangaza wanyama, ila siku yenye thamani hasa ni ya magharibi: asubuhi Punta Espinoza, kisiwani Fernandina, alasiri Punta Vicente Roca, kisiwani Isabela. Njia za meli hupangwa na mamlaka ya hifadhi, si nahodha, kwa hiyo wakala akikwambia "tutajaribu kufika", ujue hamfiki. Soma njia kwenye karatasi kabla ya kulipa.

Punta Espinoza ndipo mahali pekee watalii wanaposhukia Fernandina. Mashua ya mpira, wenyewe huiita panga, hupita kando ya mikoko hadi kwenye gati dogo. Maji yakiwa yamekupwa sana, mnashukia kwenye mawe yenye mwani unaoteleza, na hapo ndipo kamera zinapovunjika. Weka kila kitu begini, mikono yote miwili iwe wazi, kisha mshikane vigasha na baharia. Viganja vikilowa huponyoka.

Iguana wa baharini, mijusi wakubwa, hulala kwa mamia, wamepandana, weusi kama lava yenyewe, ile miamba ya volkano, angalia unapokanyaga. Wanapiga chafya za maji ya chumvi. Chumvi wanayoimeza pamoja na mwani hutolewa na tezi za puani, na ndiyo ule ukoko mweupe vichwani mwao. Sharti la kukaa mita 2 mbali na mnyama linakukinga na chafya pia. Nenda mapema: jua likishawapasha, wakubwa huingia majini kula, na lava inakuwa kikaango.

Usiondoke bila kumtazama mnandi asiyeruka, ambaye hapatikani popote duniani ila hapa na pwani za Isabela. Anatoka majini na shungi la mwani mdomoni, anampelekea mwenzake kiotani, kisha anatandaza vile vibawa vifupi vilivyochakaa ili vikauke. Simu ya kawaida inatosha kumpiga picha. Mwanga wa kamera hauruhusiwi.

Punta Vicente Roca hakuna kushuka. Mnazunguka kwa panga chini ya majabali, kisha mnaingia majini na kinyago cha kuogelea. Kasa ni wengi, na pengwini hupita kasi kama mshale. Mkondo wa Cromwell, unaopita chini ya uso wa bahari, ukigonga visiwa hupandisha maji baridi yenye chakula tele. Ndiyo sababu ya pengwini kuishi kwenye ikweta, na ndiyo sababu ya maji kuwa ya kijani, si maangavu kama ya Mnemba. Kasoro kubwa ya huduma iko hapa: meli nyingi hukodisha suti za kuogelea zenye unene wa milimita 3, wakati kuanzia Agosti hadi Oktoba joto la maji linaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Watu wanatetemeka, wanarudi kwenye panga mapema. Dai ya milimita 5.

Sheria ni watu 16 kwa mwongoza watalii mmoja. Meli ya abiria 16 inashusha wote kwa mkupuo. Ile ya 100 inawashusha kwa zamu, na zamu ya mwisho hukuta jua limeshapanda. Kabini nzuri haifidii hilo.

Beba taslimu: ada ya hifadhi kwa mgeni mtu mzima ni dola 200 tangu Agosti 2024, na kadi ya usafiri dola 20, mara nyingi hazimo kwenye bei ya safari. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kulala, kwani meli huzunguka kaskazini mwa Isabela usiku, na bahari huko ni wazi.