Huduma ya simu ya kampeni ya Obama: bado kesho tu

Kuna ndugu na marafiki wanaoniuliza kama ile huduma ya kuwapigia simu wapigakura, iliyo kwenye tovuti ya kampeni ya Barack Obama, inafaa kweli au ni ya kupotezea watu muda. Inafaa. Leo ni Jumatatu, tarehe 2 Juni 2008, na naandika haya moyo ukinidunda, kwa sababu kesho Montana na South Dakota zinafunga kura za mchujo za chama cha Democratic, zile za kumpata mgombea wake wa urais. Baada ya hapo hakuna jimbo lililobaki.

Kuitumia ni rahisi. Unajisajili my.barackobama.com, unachagua jimbo, unaletewa orodha ya majina na namba pamoja na maneno ya kuanzia mazungumzo. Kila simu ikiisha unaweka alama: anamuunga mkono, hajaamua, yuko na mpinzani wake Hillary Clinton, hakupatikana. Basi.

Mimi nafanya kazi hospitali. Nikirudi jioni nawalisha watoto, halafu naketi mezani na kompyuta yangu. Laini yangu haitozwi kuanzia saa tatu usiku, na saa tatu ya huku mashariki mwa Marekani ni saa moja jioni kule Montana, watu wamemaliza kula na wako nyumbani. South Dakota iangalie vizuri, maana Sioux Falls iko saa moja mbele ya Rapid City ingawa jimbo ni moja.

Yale maneno ya mwongozo yasome mara moja, kisha yaweke pembeni uzungumze na mtu kama mtu. Mzee mmoja wa Great Falls, mfugaji wa ng'ombe, aliniambia hajawahi kupigiwa simu na kampeni yoyote ya mchujo, kwa kuwa miaka mingine mambo huwa yameshaamuliwa kabla Montana haijafikiwa. Akanibana kuhusu vita vya Iraq. Nikamjibu kwamba Obama alivipinga hadharani Oktoba 2002, kabla havijaanza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kituo kinafungwa saa ngapi. Na mama mmoja wa kabila la Crow, wenyeji wa asili wa Montana, ndiye aliyenisimulia mimi, si mimi niliyemsimulia yeye: alikuwepo tarehe 19 Mei Obama alipokwenda kwao na kupokewa kama mtoto wa kabila. Sauti yake ilinitoa machozi.

Sasa niseme kwa nini huduma hii naipa nyota tano zote. Uteuzi wa Democratic hautolewi kwa kuhesabu majimbo. Wajumbe, yaani wale wanaompigia mgombea kura kwenye mkutano mkuu wa chama, hugawanywa kwa uwiano wa kura, mradi mgombea afikishe asilimia 15, kwa hiyo simu moja kwenye jimbo ambalo tutashindwa, nayo ina thamani yake. Angalia Februari 5: Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, akapata wajumbe 11 zaidi yetu. Usiku huohuo Idaho, ambayo wengi hawakuitazama, ilitupa sisi 12 zaidi yake. Kule Texas Clinton alishinda kura za mchujo, lakini kwenye mikutano ya wanachama, ambayo nayo hutoa wajumbe, tukamzidi, na hesabu ya wajumbe wa jimbo zima ikatuangukia sisi, 99 kwa 94. Kuna kituo kimoja cha televisheni ambacho mpaka leo kinapaka ramani rangi mbili na kutangaza nani kachukua jimbo gani, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Hesabu yenyewe imejengwa na watu walioketi mezani kwao wakipiga simu Boise, mji mkuu wa Idaho.

Jumamosi kamati ya kanuni ya chama ilikaa Washington na kuamua kuwa wajumbe wa Florida na Michigan, waliokuwa wamefungiwa kwa sababu majimbo yao yalipiga kura kabla ya muda ulioruhusiwa, waingie, kila mmoja na nusu kura. Idadi ya kura za wajumbe inayotakiwa ili kupata uteuzi ikapanda hadi 2,118. Jana Clinton ameshinda Puerto Rico, na ameshinda kwa mbali. Sikutetereka hata kidogo, maana Obama anahitaji wajumbe wasiofika hamsini! Montana na South Dakota kwa pamoja zina 31, watagawanwa, na waliobaki watatoka kwa wale wajumbe maalumu takriban 800, viongozi wa chama na wabunge, ambao hawafungwi na kura za mchujo. Kila saa anajitokeza mwingine kutangaza yuko wapi. Naamini tunapata namba kesho kabla ya usiku kuisha.

Kama ningeulizwa cha kuongeza, ningependa idadi ya wajumbe ionekane palepale kwenye ukurasa wa orodha, ili mtu aone anapiga simu kwa ajili ya nini. Kuhusu lugha msiogope. Lafudhi yangu ni ya pwani tupu, na watu wananisikiliza. Wengi huniuliza natoka wapi, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Jambo moja la Montana mlijue: hakuna kujiandikisha kwa chama, mpigakura yeyote anaweza kuomba karatasi ya Democratic. Kwa hiyo usikate simu ukisikia mtu anasema yeye si wetu. Muulize kwanza. Vituo vinafungwa saa mbili usiku wa kwao, yaani saa nne kwetu, na orodha za Billings na Missoula usiku huu bado zina majina mengi ambayo hayajapigiwa.