Uzoefu wangu: Kulifufua gari la rimoti la Tamiya la mtumba, Dodoma

Gari nililipata soko la Sabasaba, kwenye meza ya vyombo vya umeme vya mtumba, limebanwa kati ya pasi mbili na blenda. Muuzaji alitaka elfu hamsini, tukamalizana kwa elfu thelathini na tano pamoja na rimoti yake. Nililitambua kwa zile tairi nene: Midnight Pumpkin ya Tamiya, gari lenye umbo la pikapu ya Ford ya miaka ya 1950, ukubwa wake sehemu moja ya 12 ya gari halisi. Toleo la kwanza lilitoka Japani mwaka 1987. Mwanangu wa miaka kumi na miwili aliliangalia akaniuliza, "Baba, hili litatembea kweli?" Nikamwambia tukifika nyumbani tutaliuliza lenyewe.

Kabla ya kutoa hela niliyazungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono. Gia zilishikana vizuri, hakuna jino lililoruka. Kwa gari la zamani hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Betri, mota na rimoti vinabadilishika, ila giaboksi iliyosagika itakuzungusha miezi.

Nyumbani Nkuhungu tulilifungua lote. Betri yake ilikuwa ya nikeli-kadimi, seli sita, volti 7.2, na mita ilisoma sifuri. Rimoti ilikuwa ya 27 MHz, ya enzi za kristali (kijipande kinachopanga masafa ya redio), na betri za ndani zilivuja zamani zikazila shaba zote mpaka zikabaki unga wa kijani. Hapo ndipo magari mengi ya namna hii hutupwa, kwa sababu ukibonyeza hakuna kitu. Lakini betri kufa si gari kufa.

Mota nikaichomoa, nikaiunganisha na betri nne kubwa za tochi, yaani volti 6. Ikaguna, ikanyamaza. Nikazungusha shafti kwa vidole mara kadhaa, nikaunganisha tena, ikanguruma. Shaba inayoguswa na brashi ilikuwa imefanya kutu kwa kukaa miaka bila kazi, basi. Nilipuliza dawa ya kusafishia viunganishi, nikaacha ikauke, nikatia tone moja la mafuta kila upande wa shafti. Ni mota ya aina ya 540, kopo lake limefungwa na brashi zake hazibadilishwi, kwa hiyo usiifungue kwa koleo. Angalia pia vile vikapasita vidogo vilivyolehemiwa kwenye kopo. Kazi yake ni kutuliza kelele za redio zinazotokana na cheche za brashi. Kimoja kilikuwa kimeachia mguu, nikakilehemu upya.

Nifundishaye fizikia nilikaa sana kwenye kifaa chake cha kudhibiti mwendo. Hakina elektroniki hata chembe. Sevo, yaani kimota kidogo kinachotii rimoti, inasukuma mkono wa shaba kutoka kituo kimoja hadi kingine, na ukitaka mwendo mdogo, umeme unapitishwa kwenye rizista ya kauri, yaani kipande cha kuukinza umeme, ambayo inaigeuza sehemu ya nguvu ya betri kuwa joto. Yaani unalipia umeme ili uchome rizista! Nilikisugua kwa msasa laini kikafanya kazi, lakini rizista ilipata moto kiasi cha kutoshikika. Nimekitoa, sasa nakitumia darasani, na sijawahi kupata kielelezo cha ukinzani kinachoeleweka upesi kama hiki.

Badala yake niliagiza Dar rimoti ya Flysky ya 2.4 GHz na kontrola ya mwendo ya Hobbywing QuicRun 1060. Vilinigharimu 140,000 vyote viwili, vikaja kwa basi nikavichukua stendi ya Nane Nane. Kontrola hii naipa sifa bila kusita: mwendo unapanda taratibu kama maji yanavyojaa ndoo, haina rizista ya kuchoma, na yenyewe ndiyo inayoilisha umeme risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na sevo.

Kwenye betri ndipo nilipopoteza hela. Fundi mmoja wa kompyuta mjini aliniuzia seli nne za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu, elfu ishirini, akanihakikishia zina nguvu. Mita ilionyesha volti 8 na ushee, nami nikaridhika. Tukashuka uwanjani, gari likaenda mita tatu likakata, likaenda tena likakata, kama mtu mwenye kwikwi, na seli zikaanza kupata joto. Mota ya 540 inapoanza kuondoka kutoka kusimama inavuta ampea nyingi kwa ghafla, na seli za laptopu zimezoea kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Volti zinaporomoka, kontrola inajilinda kwa kukata. Mita isiyo na mzigo haikuambii hilo. Kama ningeanza upya, hela ya kwanza ingekwenda kwenye betri.

Mwishowe nilinunua ya nikeli-metali-haidraidi, volti 7.2, 3000 mAh (kiasi cha chaji inachobeba), pamoja na chaja, 65,000. Kontrola ina kijiplagi kidogo cha kuchagua aina ya betri; hakikisha kimekaa upande unaolingana na betri yako. Ukitumia lithiamu kikiwa upande wa nikeli, kontrola haitakata mapema na seli zitaharibika.

Skrubu za Tamiya ni za mtindo wa Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida inateleza na kula kichwa, kwa hiyo kandamiza vizuri au tafuta bisibisi ya mtindo huo wa Kijapani.

Vumbi letu nalo halina masihara, hasa Agosti upepo ukivuma. Nilipaka grisi kwenye bushi za plastiki za magurudumu, yaani vile vipete ambamo ekseli huzunguka, baada ya siku mbili ikawa msasa. Nikaziondoa, nikaweka beringi zilizofunikwa za milimita 5x11x4, elfu ishirini na tano, na sasa nafuta tu kwa kitambaa. Grisi imebaki ndani ya giaboksi, ambako vumbi haliingii. Usioshe plastiki zake kwa petroli. Maji ya sabuni na mswaki wa zamani vinatosha.

Jumla nimetumia 285,000, pamoja na zile elfu ishirini za laptopu. Anayemtafutia mtoto kitu cha kuchezea wiki moja asiingie huku. Kwangu mimi imelipa kila shilingi, kwa sababu hakuna kipande cha gari hili ambacho mimi na kijana hatujakishika na kukielewa. Ukilipa mwendo ghafla kwa rimoti linanyanyua pua juu. Ukikata kona kwa kasi linapinduka, maana limesimama juu sana, na mwanangu ameshajifunza kupunguza kabla ya kona. Chaji moja inatupa kama dakika ishirini.

Kilichobaki ni tairi za mbele, ambazo zimeanza kupasuka ubavuni kwa uzee. Tamiya walilirudisha gari hili sokoni baadaye, kwa hiyo tairi zake bado zinapatikana na nimeshaagiza. Mpaka zifike tunaliendesha kwenye udongo tu, lami hapana.