Enkoda ya mapigo au enkoda kamili: lifti inaposhindwa kushika kasi

Lifti za mota ya induksheni yenye giaboksi kwa kawaida hutumia enkoda ya mapigo (kifaa kinachopima mzunguko wa mota kwa kutoa mapigo ya umeme), mara nyingi mapigo 1024 kwa mzunguko. Ni rahisi kuichunguza. Chaneli A na B (njia mbili za ishara za enkoda) zikibadilishana nafasi, draivu (kifaa kinachoendesha mota) huona mota inakwenda kinyume: mota hujikokota, mkondo hupanda hadi kikomo, kisha hitilafu ya kasi hutokea. Badilisha nyaya za A na A-kinyume (ishara ya A iliyogeuzwa) kwa za B na B-kinyume, au geuza mwelekeo kwenye mipangilio. Usifanye yote mawili. Ukiandika 2048 kwenye mipangilio ya draivu wakati enkoda ni 1024, draivu huhesabu nusu ya kasi halisi na kuisukuma mota kupita kiasi. Hilo ni la hatari, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kasi ya ukaguzi (kasi ndogo ya matengenezo).

Mota ya sumaku za kudumu isiyo na giaboksi kwa kawaida huhitaji enkoda kamili (inayoonyesha pembe halisi ya shafti muda wote), kwa sababu draivu lazima ijue mahali pa nguzo za sumaku kabla breki haijaachia. Hapa fundi hujuta akilegeza enkoda bila kuandika thamani ya ofseti (tofauti kati ya sifuri ya enkoda na mahali pa nguzo za sumaku). Enkoda ikisogea kwenye shafti, upimaji wa ofseti urudiwe. Mota isipokwenda vizuri baada ya hapo, yenyewe haina kosa.

Mtikisiko katika kasi fulani tu? Kwa aina zote mbili za enkoda, kagua kaplingi (kiungo cha enkoda na shafti) kwanza, kisha shildi (kinga ya mwingiliano wa umeme) ya kebo ya enkoda na umbali wake kutoka nyaya za mota. Kununua enkoda mpya kabla ya hapo ni kutupa pesa.